Sifa za Bunduki ya Baba

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya kijijini kwetu Ntoto ambayo mpaka leo hunishtua usingizini, ingawa kichwa changu kimekuwa cheupe.

Wanajeshi walikuwa wamefika kijijini na kuamuru kila bunduki iletwe uwanjani mbele ya kanisa. Ya kuwindia ingerudi nyumbani na mwenyewe. Ya vita ingeondoka nao, pamoja na mwenyewe. Na walioondoka nao siku zile hatukuwaona tena.

Kaka yangu Bahati alikuwa ameirithi ya baba. Ilikuwa kongwe, askari wa Wabeleji waliibeba zamani, kisha fundi akaigeuza ya kuwindia nguruwe wa mwitu. Lakini ubavuni, kwenye chuma, alama ya jeshi ilisomeka bado.

Wawindaji wa kwetu hawakuikabidhi bunduki kwa mgeni kimya kimya. Waliitaja sifa zake kwanza, isione aibu ikagoma porini. Basi Bahati, mtu wa kufuata mila hata pale mila ingefaa ilale kidogo, akaiinua na kupaza sauti, kana kwamba bunduki yenyewe ndiyo inayosema: "Mimi Mumeza-vita! Nilipigana na Wajerumani, nikalaza wanaume, sikurudi nyuma!"

Komanda akacheka. "Mumesikia? Iko ya vita, mwenyewe njo anasema. Mumufunge."

Wakamfunga mikono nyuma. Mama akapiga magoti.

Ndipo baba yetu mdogo, Papa Shukuru, aliyewinda na bunduki ile miaka mingi, akasogea polepole.

"Komanda, mutoto ameimba ya zamani, hakuimba ya leo. Mbao ya mbele ilikatwa, pahali pa kufungia kisu cha vita palisuguliwa. Lakini usiamini inje. Chukua risasi yako moja, itie mu mututu."

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, Komanda. Nakuomba tu. Kama inashika, unifunge na mie."

Komanda akachomoa risasi mkandani, akaielekeza bunduki chini, akaitia risasi kwa nyuma. Risasi ikapita mtutu mzima ikigongagonga, ikaanguka kati ya viatu vyake. Fundi alikuwa amechimba ndani, pakawa papana na laini, pa risasi za kuwindia tu, ya vita isiweze kushika.

Komanda akaiokota risasi, akaipangusa. "Mumufungue. Na wewe, mujinga, jifunze kunyamaza."

Bahati akaibeba bunduki hadi nyumbani. Baba mdogo hakumkemea kwa kelele. Alisema tu, "Ungeisifu kwa nyama iliyotulisha, ungepoteza nini?"

Mwanangu, mdomo huponza kichwa. Nawasikia vijana, kwetu Walikale na huku Masisi, wakijigamba kwa vita vya baba zao, wamevaa makoti ya jeshi ya sokoni, na barabara bado zina vizuizi. Nikiwasikia silali. Kitu ulichorithi, kitazame ndani kabla hujakisifu. Ukiulizwa ni nini, taja kazi kinayoifanya leo. Na ukikutana na mtu aliyetoka vitani akashika jembe, usimwite kwa jina la jana. Huenda amegeuzwa ndani kabisa, na neno lako moja likamfanya afungwe.

Mungu akupitishe salama kila njia. Mama yako akusikie mlangoni kabla chakula hakijapoa, na jina lako litajwe daima na waliokula mezani pako. Amina.