Nafasi ya Mponyaji

Mwenye saiba ya Suneka huchapa kwa vidole viwili, na chai yake hupoa kando ya kompyuta bila kuguswa. Akikosa wateja huvaa hedifoni na kuongoza kikosi chake katika mchezo wa mtandaoni: wenye ngao mbele, wapiganaji katikati, mponyaji nyuma akiwatibu. Hawajawahi kuonana, wanajuana kwa majina ya mchezo tu. Haongei kwa ukali, lakini asiyeingia wiki nzima humtoa, maana nafasi ni chache.

Juzi, nikingoja fotokopi, mama mmoja wa Nyacheki alileta simu ya marehemu mwanawe ili itolewe picha ya programu ya mazishi. Mwenye saiba alipoifungua alikuta mchezo ule ule, na jina la mponyaji wao. Vidole vikasimama.

"Mama, huyu ndiye alikuwa anatutibu."

"Hapana, alikuwa anachuma majani chai tu," mama akasema.

Mwenye saiba aliipanga picha polepole kuliko kazi zake zote. Jana nilimkuta akiwajibu wenzake waliotaka mponyaji atolewe.

"Mwacheni," alisema. "Kwao network inasumbua."