Siku Tuliyozika Mgomba

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne walikwenda Nairobi, wengine wakavuka hadi Ghuba. Mimi nilifika jikoni nikaona panatosha. Chumba changu ndicho studio: godoro la zamani nimelisimamisha ukutani lizuie mwangwi, na kwaya za kanisa huja kurekodi humo, safu ya mbele imekalia kitanda changu, sauti ya nne iko mlangoni. Kwaya zikiondoka nachukua kamera naenda kupiga video za harusi na matanga, mradi ziwe mahali ninapoweza kurudi kula nyumbani. Na siku zisizo na kwaya wala harusi, naandika. Naandika wasifu wa marehemu, hotuba za baba wa bibi harusi, na hadithi zangu mwenyewe ambazo mpaka sasa hakuna aliyefariki ili zisomwe.

Wageni walipomuuliza baba mwanawe anafanya kazi gani, alijibu, "Ako na kazi tatu." Halafu akamalizia, "Ng'ombe wa watu watatu hulalanga bila maji."

Yeye alikuwa na kazi moja. Aliendesha trekta ya kuvuta miwa kule Butali mpaka akastaafu. Ngoma ya isukuti aliipiga pia, tena kuliko wengi wa upande huu wetu wa Iguhu, lakini hakuihesabu kuwa kazi. Mzee akifa, unaitwa, unapiga, unarudi kulala. Nani aliyewahi kuita hiyo kazi?

Wakati huo nilikuwa nimeandika filamu fupi. Tamasha dogo la mjini Kakamega lilikuwa linapokea filamu mpaka mwisho wa wiki, na mimi nilibakiza onyesho moja tu, la mwisho, la mazishi. Hadithi yenyewe ilimhusu dereva mstaafu wa trekta anayekufa, na watoto wake wanagombania ngoma yake. Watu waliponiuliza kama yule ni baba, nilisema hapana, huyu wa filamu ana masharubu.

Shida ni kwamba baba alikuwa amelazwa hospitalini Iguhu. Moyo. Mama alikuwa naye huko, na daktari alikuwa amempa mama neno moja ambalo alilirudia kwa kila aliyepiga simu: asishtuliwe. Asiletewe habari mbaya, asipigiwe kelele, asishtuliwe. Tulitarajia atoke wiki inayofuata.

Shangazi, dada yake baba ambaye kwetu huitwa senge na boma lake linapakana na letu, ndiye aliyeigiza mjane. Aliniuliza swali ambalo hata wewe ungeniuliza.

"Sasa wewe unaigiza matanga na kakangu yuko kitandani?"

"Ni kaburi la picha tu, senge. Tunakwangua udongo juu kidogo, kamera inamalizia."

Alinitazama kama anayetazama maziwa yaliyoanza kuharibika, lakini alivaa leso nyeusi.

Nilimwomba jirani yetu mmoja akwangue huo udongo, kando ya kaburi la babu, karibu na lango. Huyu jirani ndiye anayeitwa kila boma likifiwa, hakuna anayemzidi kwa jembe. Nilimwambia achimbe kidogo tu, kisha nikaingia ndani kuandika wasifu ambao ungesomwa kwenye onyesho hilo. Maneno ya mwisho yalinisumbua. Niliyafuta, nikayarudisha, nikajipikia chai. Nilipotoka, jirani alikuwa anaonekana kichwa peke yake.

"Nilisema kidogo," nikamwambia.

"Hiki ni kidogo, dairekta. Bado sijanyoosha kona."

"Kamera ingedanganya."

"Kamera yako idanganye. Jembe langu halijazoea."

Nilikuwa bado nimeshika kikombe simu ilipolia. Mama.

"Wamemruhusu. Amepata nafuu. Mtu wa kanisani anatuleta na gari lake. Tunachukua dawa hapa Iguhu, halafu tunakuja. Anataka obusuma ya nyumbani, anza kuweka maji."

"Leo?"

"Ulitaka wakae naye mpaka Krismasi? Weka maji."

Sikuweka maji ya ugali. Kutoka Iguhu hadi kwetu si mbali, na gari likiingia langoni kitu cha kwanza litakachokutana nacho ni lile shimo, limenyooka, na udongo mbichi kando yake. Mtu anatoka hospitalini na moyo wake mgonjwa, anakuta kaburi lake limemtangulia kufika nyumbani. Nilichukua sepetu nikaanza kurudisha udongo ndani.

Shangazi alishika mpini.

"Unafunika nini?"

"Shimo."

"Hilo si shimo. Hilo ni kaburi, na kaburi halifungwangi tupu. Ukilifunga na njaa yake litatafuta mtu. Na mtu mwenyewe yuko njiani anakuja."

Nilimgeukia jirani anitetee, yeye ambaye makosa yote yalianzia kwenye bidii yake. Alikuwa ameshachukua panga, anaelekea nyuma ya jiko palipo na migomba. Hapo nikajua nimeshindwa kura. Kwetu mambo ni hivyo: kaburi likichimbwa na maiti isije, linazikiwa mgomba, na unazikwa kwa heshima zote kama mtu. Nilikuwa nimeandika kaburi kwenye karatasi mara nyingi. Nilikuwa nimesahau kwamba likitoka kwenye karatasi lina masharti yake.

Jirani alirudi na shina begani. Tulilifunga kwa shuka ya kitanda changu, ile ile inayokaliwa na kwaya, tukalishusha. Mimi nilikuwa natazama barabara.

"Sasa ngoma," shangazi akasema.

"Senge, wataisikia njiani."

"Na wewe utauzika kimya kama paka?"

Nilitoa ngoma ya baba ukutani, nikavaa ukanda wake begani. Nikaipiga kwa ncha za vidole. Isukuti haipigwi kwa ncha za vidole, inakukataa, inatoa sauti ya mtu anayebisha mlango asitake kufunguliwa. Kamera ilikuwa kwenye miguu yake mitatu, inaendelea kurekodi, kwa sababu nilikuwa nimeiwasha tangu asubuhi na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuizima. Kisha shangazi akaanza kulia.

Hakuigiza. Nadhani alikuwa amemwekea kaka yake kilio hicho tangu siku alipolazwa, na sasa akapata mahali pa kukitua.

"Senge, punguza sauti."

"Kilio hakina kitufe," akasema, akavuta pumzi, akaendelea kwa juu zaidi.

Hapo ndipo mambo yaliponitoka kabisa mikononi. Kijiji kizima kilijua baba amelazwa. Kijiji kizima sasa kilisikia kilio na ngoma kutoka kwetu. Wa kwanza kufika alikuwa mama wa ng'ambo ya barabara, mikono kichwani, unga bado kwenye vidole. Nyuma yake wakaja wanaume na viti. Mmoja alileta kuni, kwa sababu matanga ni kupika. Nilimshika mkono nikamwambia, "Ni filamu." Akanibana vidole kwa huruma.

"Pole. Uchungu huanzanga hivyo."

"Hapana, ni mgomba."

"Najua, kijana. Kaa chini."

Viti vilipangwa. Mama wa ng'ambo ya barabara alisimama ukingoni akaanza kumwambia marehemu kwamba alikuwa mtu wa watu, hakuwahi kupita bila kusalimia, na trekta yake iliwabeba watoto shuleni wakati wa mvua. Wanawake wakaitikia. Jirani alirudisha udongo haraka, lakini bado pengo lilikuwa wazi upande mmoja. Nikasikia gari linapunguza mwendo.

Lilipinda langoni likasimama. Vilio vilikatika kimoja baada ya kingine, kama taa za kijiji umeme unapopotea. Mama alishuka wa kwanza, mfuko wa dawa mkononi, akatazama viti, kuni, udongo, halafu mimi. Sitaandika alivyonitazama. Kisha mlango wa upande wa pili ukafunguka.

Baba alikuwa amekonda. Kitambulisho cha hospitali bado kilikuwa kwenye kifundo cha mkono. Alisimama ameshika mlango wa gari, na sisi sote tukawa tunatazama kifua chake tu, kinavyopanda na kushuka. Alipeleka mkono hapo. Mama alipiga hatua. Baba akaingiza vidole mfukoni mwa shati, akatoa miwani, akaivaa.

Alinitazama taratibu kuanzia chini. Ngoma yake begani kwangu. Karatasi ya wasifu inachungulia mfukoni. Kamera nyuma yangu, kile kitaa chake chekundu kinawaka.

"Ndizo hizo kazi tatu," akasema.

Akaisukuma miwani juu ya pua.

"Leo nimeziona zote pamoja. Nani huyo humo?"

"Mgomba, baba."

"Wa nyuma ya jiko?"

"Eeh."

"Uliokuwa na mkungu?"

Nilimtazama jirani. Jirani akatazama jembe lake. "Haukuwa umekomaa, mzee," akasema.

Baba alitikisa kichwa. Halafu akatembea polepole mpaka kwenye viti, mama amemshika kiwiko, akakaa mstari wa mbele, kati ya waombolezaji wake mwenyewe. Aliyekuwa karibu naye alisogea kidogo, ungedhani anaogopa kuambukizwa uhai.

"Nyinyi mlikuwa mnasema mambo mazuri," baba akawaambia. "Msinyamaze kwa sababu nimekuja. Na wewe, soma hiyo karatasi. Mtu hazikwi nusu."

Nilisoma. Sauti yangu ilitetemeka kuliko ya mwigizaji yeyote niliyewahi kumkaripia. Nilisoma kuhusu dereva aliyejua kila shimo la barabara ya Butali, aliyeacha ngoma moja na watoto wengi wenye mikono mizito. Nilipofika mahali niliposema trekta yake iliwahi kupinduka na miwa, alinyanyua kidole.

"Futa hapo. Sijawahi kuangusha miwa."

"Si wewe, baba. Huyu ana masharubu."

"Futa."

Nikafuta. Kisha nikapiga ngoma, safari hii kwa viganja, kwa kuwa hakukuwa tena na wa kufichwa. Jirani alimalizia udongo. Baba alifumba macho, na mkono wake ukaanza kugonga mkono wa kiti, ukiutangulia mdundo wangu kidogo kila mara.

"Unachelewa," akasema, bila kufumbua.

Mama hakuzungumza nami mpaka obusuma ilipoiva, na hata hapo aliongea na sahani. Mkungu ule mchanga tuliupika. Filamu niliipeleka mjini kama ilivyojirekodi, nikaipunguza mwanzo tu. Waliotazama walikuwa na maswali machache kuhusu hadithi, ila wote waliuliza nilimtoa wapi yule mzee wa mstari wa mbele, na kama anapatikana kwa kazi nyingine.

Niliwaambia ni vigumu kumpata. Harudii onyesho, na anajiandikia maneno yake mwenyewe.