Gauni Lisilopigiwa Magoti Haliingii Begini

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Vestina Karugendo anatandika mkeka sebuleni kwake Ijuganyondo, mjini Bukoba, anavaa gauni la kitenge ambalo si lake, kisha anapiga magoti. Anasimama. Anapiga tena.

"Majirani walidhani nimeokoka," anasema.

Kazi yake ni kuandaa zawadi za safari fupi: begi dogo lenye mavazi ya mtu anayekwenda Muleba au Izimbya Ijumaa na kurudi Jumapili. Ndani kuna gauni, kilemba cha kitambaa hichohicho, blauzi ya kubadilisha, kanga na ndala. Begi moja ni shilingi elfu sitini. Wanunuzi wengi ni wanaume.

"Mwanaume hajui kuchagua," anasema Vestina, mwenye miaka thelathini na nne, aliyeuza mitumba tangu alipomaliza darasa la saba. "Anasema tu, niwekee kitu kizuri."

Kuna mara moja kitu kizuri kilimponza. Mwaka jana Avit Rutaihwa alimnunulia mchumba wake, Joanitha, begi la kwenda Kagoma kumsalimia bibi yake Avit. Vestina akaweka sketi ya kubana, iliyopendwa sana mjini. Akasahau kwamba kwa Wahaya binti hamsalimii mkubwa akiwa amesimama. Joanitha alipokunja goti, mshono ukaachia kutoka pajani hadi kiunoni.

"Nilitoa salamu yetu ya heshima, 'Kasinge waitu,' huku nimeshikilia sketi kwa mikono miwili," anakumbuka Joanitha. "Bibi akaniuliza, mwanangu, unasalimia au unaumwa tumbo?"

Habari ilifika kanisani kabla ya misa. Kwa miezi minane hakuna mtu wa Kagoma aliyenunua tena kwa Vestina, na huko ndiko walikotoka nusu ya wateja wake.

Gauni la leo ni la bibi huyohuyo, Anatolia, aliyekuja mjini kuwatembelea Avit na Joanitha, ambao sasa ni mke na mume. Likimchanikia, basi Kagoma ndiyo imekwisha.

Saa nne bibi anaingia, Joanitha nyuma yake.

"Wewe ndiye uliyemvua mkwe wangu nguo?"

"Ni mimi, waitu," anajibu Vestina, magoti yakiwa tayari mkekani.

Bibi anakwenda chumbani, anarudi na gauni mwilini. Anapiga magoti, anafumba macho. Hainuki.

"Bibi, umelala?" anauliza Joanitha.

"Niache. Nipo Salamu Maria ya tatu. Jumapili kanisani zitakuwa nyingi kuliko hizi."

Anainuka, anapitisha kidole kwenye mshono, mbele na nyuma.

"Halijalia, wala uzi haujakatika," anasema. Kisha anaagiza mabegi manne, ya wenzake wa jumuiya watakaokwenda naye hija mwezi ujao, siku mbili tu.

Vestina ana mpango wa kupanga chumba karibu na stendi ya Muleba, aweke kioo kirefu na taa nzuri. Leo anaukunja mkeka wake taratibu, akiupima kwa macho.

"Kioo kitasubiri," anasema. "Kwanza nitafute mkeka mpana. Hawa wanne watakuja pamoja."