Mwanakondoo wa Bi Salma

Nichekeni taratibu, aibu yangu bado mbichi.

Mimi ni mwalimu wa kwaya katika kanisa moja la Mji Mkongwe. Jumapili ile tulikuwa na wimbo wa kumsifu Kristo, Mwanakondoo wa Mungu, nami nikaona sauti peke yake hazitoshi. Watu wamwone kwa macho. Mimi mtoto wa mjini, kondoo nimemjua kwenye nyimbo. Jirani yangu wa Jang'ombe, Bi Salma, ana mifugo, basi nikamwomba aniazime kile kinyama chake cheupe.

"Wampeleka kanisani kufanya nini?"

"Atakuwa mfano wa Yesu, Bi Salma. Mwanakondoo."

Akaangua kicheko mpaka ushungi ukamdondoka. "Lakini mwanangu, huyo..."

"Mambo ya kanisa niachie mimi," nikamkata, nimenuna. Nilidhani anaicheka dini yangu.

Akanipa mnyama, nikamwogesha, nikamfunga utepe mwekundu, nikamsimamisha kuume kwa kinanda. Tuliimba mpaka nikalia. Naye akalia, akaingia sawasawa na sauti ya tatu.

Kisha mchungaji, mtu wa bara aliyekulia kwa wafugaji, akafungua Biblia pale Bwana anapowatenga watu, kondoo kuume, mbuzi kushoto. Akasoma mstari mmoja, akainua macho. Alikuwa akiutazama mkia wa mgeni wangu. Mkia wa kondoo huning'inia. Huu ulisimama wima kama bendera.

"Mwalimu," akasema kwa upole, kipaza sauti kikiwaka, "hamieni kushoto. Nyote wawili."