Nusu ya Pipa la Maman wa Juu

Mimi ni mtu wa haya. Darasani, mwalimu wa fizikia akiniita ku tableau, mbele ya ubao, sauti ilibaki kooni. Wiki ile masasi ya bunduki yalipolia barabarani, chini ya nyumba zetu za Kadutu, sauti ndiyo niliyohitaji.

Dada yangu mdogo alikuwa anahara tangu jana. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na bidon zetu zote za maji zilikuwa tupu. Njia ya kwenda kuchota ilipita mbele ya waaskari. Maji ya karibu yalikuwa ya Maman wa Juu, jirani yetu mzee. Kadutu ni mlima, nyumba zinakanyagana vichwa. Ukuta wa uani kwake uko juu tu ya dirisha la jikoni letu. Pipa lake la mvua lilikuwa limejaa. Lakini aliyesimama wima uani pale alionekana toka barabarani, na risasi moja ilikuwa imeshatoboa bati lake.

Nikakumbuka somo: tiyo, mpira wa maji, ikijaa, mdomo mmoja ukiwa ndani ya pipa na mwingine chini kuliko pipa, maji yanapanda ukingo na kushuka yenyewe.

“Mweleze,” maman yangu akaniambia nilipomnong'oneza.

Kaka yangu akacheka kwa pua. “Huyu? Anasalimia viatu vya watu.”

Nikapanda ku meza, mdomo dirishani.

“Maman, samahani. Ile tiyo ya kumwangia mboga ya lengalenga, weka mdomo moja mu pipa, ingine ututeremushie, tuchukue nusu tu. Utambae, usisimame.”

Sauti yake ikashuka: “Na nani ataangalia nusu, mutoto wangu? Kiu haina macho. Niko na wajukuu humu.”

Hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa masasi. Alikuwa na haki ya kukataa.

“Simamisha fimbo ya fagio ndani ya pipa,” nikasema. “Funga mdomo wa tiyo ku fimbo, pale nusu ya pipa. Maji ikishuka mpaka pale, tiyo inameza upepo, inajikata. Hata sisi tukitaka kuiba, haiwezekane.”

“Ni kweli ile?”

“Ni kweli, Maman.” Nilikuwa nimeiona ikichorwa tu.

Tulisikia magoti yake yakikwaruza mchanga. Bunduki zikalia, magoti yakasimama. Halafu tena. Tiyo ikateremka. Nikavuta kwa mdomo: upepo. Nikavuta mpaka masikio yakauma, na maji yakanigonga meno, ladha ya kutu na mpira.

Maman yangu akateleka sufuria ya kwanza. Bidon moja ikajaa, ya pili ikafika shingoni. Tiyo ikakohoa, ikanyamaza.

Chumbani dada yangu alikuwa analia maji, maji. Kaka yangu akaniangalia, akaishika tiyo na kuvuta kwa nguvu zake zote. Maman yangu aliona, hakumgombeza. Upepo tu.

“Imesimama?” sauti ikauliza toka juu.

Kaka yangu akaweka tiyo chini, akajipangusa mdomo.

“Imesimama, Maman,” nikajibu, na mara hii hakuna aliyenisukuma.

Maji yalipopoa, tulimnywesha dada yangu kijiko kwa kijiko, na chumvi kidogo na sukari. Cha kwanza alitapika. Cha pili kikabaki.