Msukule Mwenye Kilemba

Kila ninaponusa moshi wa korosho zinazochomwa, vidole vyangu hutafuta pedi ya gemu. Kibanda cha gemu pale Naliendele kilipakana na jiko la mama mchoma korosho, na gemu tuliyoigombania ilikuwa ya kuua misukule. Ilichekesha: shujaa alivaa suti ya harusi, akawafyeka kwa msumeno wa mashine, vichwa vikaruka kama madafu. Ufundi ulikuwa kurudi nyuma hatua moja, ndipo ufyeke.

Siku moja nilikwenda na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mama mdogo tulikuwa tumetoka kumzika, na majirani walinong'ona kwamba hakufa, wachawi wamemchukua msukule. Ghafla kwenye skrini akatokea msukule wa kike, mwenye kilemba kama cha mama mdogo. Mdogo wangu akanishika mkono.

"Dada, usimpige."

"Fyeka! Utakufa!" wenzetu walipiga kelele.

Niliweka pedi chini. Yule mwanamke akatufikia, skrini ikawa nyekundu, zamu yetu ikaisha.

Tulipotoka nje mdogo wangu akaniuliza, "Alikuwa anarudi nyumbani, eti?"

"Eeh," nikamjibu. "Alikuwa anarudi nyumbani."