Kitufe Kilichomkataa Mama

Mama alinirudishia simu niliyomnunulia, ameifunga ndani ya leso. "Hii ni ya wasomi," alisema kwa Kiembu. "Vidole vyangu vimekwisha."

Niliumia. Ukurasa wa kuomba zamu ya maji ya kumwagilia mashamba niliutengeneza mimi, kwa ajili ya mradi wa maji wa kwetu karibu na Karurumo. Kina mama walibonyeza kitufe cha kuomba, wasipate kitu. Mwenyekiti alikuwa ametangaza kwamba mkutano wa Jumamosi ungeamua kama tunarudi kwenye daftari la kuandikia zamu. Daftari ningelivumilia. Mama kujiona mjinga, hapana.

Siku tatu nilikuwa nikimweleza msaidizi wangu wa akili mnemba hitilafu hiyo kwa maneno, naye anakisia tu, kwa heshima nyingi. Alhamisi nikachoka naye. Nikamuunganisha na kivinjari cha kompyuta yangu, nikakiweka kijifanye simu, ili afungue ukurasa mwenyewe, abonyeze mwenyewe, asome makosa mwenyewe. Akabonyeza. Kitufe kikafanya kazi. Akanipongeza. Nilitamani kumzaba kofi.

Nikamwomba Mama ajaribu mara moja tu, mbele yangu. Hapo ndipo nilipoona. Mama hagusi kitufe. Anakikandamiza na kukishikilia, kama anayepima parachichi kama limeiva. Nikamwandikia msaidizi: shikilia sekunde mbili ndipo uachie. Akashikilia. Kwenye skrini ikachomoza orodha ya kunakili kiungo na kukituma kwa wengine, na ombi la maji halikwenda popote. Sasa alikuwa ameona kwa macho yake, kama anayo. Akasahihisha mistari minne ya programu, akashikilia tena, ombi likapita. Niliruka nikamwaga chai, na sijuti.

Jumamosi mwenyekiti aliniangalia juu ya miwani. "Msichana wetu, hiyo system ni poa, lakini hawa wamama wataiwezana kweli?"

Nilimpa Mama simu yake. Akakandamiza kwa nguvu zake zote, akashikilia, akaachia. Maandishi yakatokea: zamu yako ni Jumanne asubuhi. Akayasoma kwa sauti, mara mbili, na mwenyekiti akalifunga daftari.

Mama akawageukia wenzake waliokaa nyuma. "Kumbe si vidole vyangu," akawaambia, akininyooshea kidole. "Ni huyu aliyekuwa amekosea."

Nikasimama, nikakiri mbele ya wote. Sijawahi kufurahi hivyo kushtakiwa na Mama.